Mali ya wananchi, ufunguo wa mtu mmoja

Kule Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye saluni moja ya kunyoa, umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Upande wa kushoto nywele zimekwisha, upande wa kulia bado zimesimama. Kinyozi akaiweka mashine mezani, akatoka nje kuvuta kamba ya jenereta, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na humo ndani mabishano yakaanza. Mzee aliyekuwa akingoja zamu yake alisema dawa ni moja tu: Leta, kama tunavyoiita serikali huku kwetu, irudishe kila kitu mikononi, migodi, mabwawa, nguzo na waya, halafu apatikane kiongozi mkali wa kuwabana wakubwa. Kijana aliyekuwa kitini, kitambaa kingali shingoni, akamjibu: "Papa, kila kitu Leta inagusa, kinakufa. Waachiwe wenye falanga wafanye kazi." Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa akauliza swali ambalo hakuna aliyemjibu: "Leta, njo nani?" Yaani, Leta ndiyo nani?

Mabishano hayo hayakuzuka hivi hivi. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nchi za nje, na Oktoba mwaka huo ikaanza kuigawia kila kampuni kiwango chake cha kuuza. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, na ndiyo inayoingia kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Tangu siku hizo, Lubumbashi nzima inazungumza. Wapo wanaosema huu ndio ushujaa tuliokuwa tukiungoja. Wapo wanaosema hivi ndivyo udikteta unavyoanza. Jina la Chávez wa Venezuela, la Putin wa Urusi na la Mobutu wetu hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba walifanya jambo moja. Na maneno yenyewe, kutaifisha, upopulisti, udikteta, yanatupwa huku na huku bila mtu kuuliza yana maana gani.

Nianze na swali la yule mama, maana ndilo mlango wa kuingilia. Neno Leta tulilitoa kwenye Kifaransa tangu enzi za Wabelgiji, tukalibebesha mizigo mingi. Askari wa njiani ni Leta. Karani wa komine, yaani wa manispaa, ni Leta. Kampuni ya umeme ni Leta, waziri ni Leta, rais ni Leta, na hata uwanja usiojulikana mwenyewe tunasema ni wa Leta. Ukilifungua neno hilo utakuta ndani yake vitu vinne. Kuna taifa, yaani sisi sote tulio hai pamoja na watakaozaliwa. Kuna dola, yaani taasisi zinazobaki hata watu wakibadilika: bunge, mahakama, hazina, ofisi ya ukaguzi. Kuna serikali, yaani wale walioko madarakani leo. Na kuna mtu, yule aliye juu yao wote.

Kutaifisha maana yake ni kuitoa mali kwa kampuni binafsi na kuikabidhi dola iishike kwa niaba ya taifa. Hapo hamna dhambi wala muujiza. Tatizo huzaliwa pale vile vitu vinne vinapokandamizwa pamoja hadi vikawa kimoja, mtu akasema "mali ni ya wananchi" huku akimaanisha "mali ni yangu", na asiwepo wa kuzitofautisha sentensi hizo mbili.

Upopulisti ndio hufanya kazi hiyo ya kukandamiza. Wengi hudhani ni kupendwa na watu. Kiongozi anaweza kupendwa sana bila kuwa mpopulisti, na mpopulisti anaweza kuchukiwa na nusu ya nchi. Upopulisti ni namna ya kuisimulia siasa: upande huu wapo wananchi halisi, watu wema walioonewa, upande ule lipo kundi dogo la wanyonyaji, na katikati nimesimama mimi, sauti pekee ya wananchi. Uzito uko kwenye lile neno "pekee". Kama mimi ndiye wananchi, basi anayenipinga mimi anawapinga wananchi. Huyo si mpinzani tena, ni msaliti. Mabavu huingia hapo: hakimu, mkaguzi, mwandishi wa habari, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, kila mwenye kazi ya kusema "hapana" anaondolewa mmoja mmoja, na kila anapoondolewa watu hupigiwa ngoma kwamba wameshinda.

Chukua likelemba, ule mchezo wa kuchangiana ambao wenzetu wa Tanzania huuita upatu. Kina mama kumi wa sokoni wanachanga kila wiki, mmoja anatunza. Siku moja anasimama mtu kati yao: "Huyu mtunza fedha anatuibia." Na mara nyingi anasema kweli. Wanamwondoa, anashika yeye. Wiki ya kwanza anawanunulia wote soda. Wiki ya nne mmoja anaomba kuliona daftari. Anajibiwa: "La nini? Falanga si ni zetu sote? Ao umetumwa na yule mwizi?" Kuanzia hapo hakuna haja ya kumjua mtunza fedha ni mwema au mbaya. Likelemba imekwisha kufa, hata kama soda bado zinakuja.

Kwa nini basi siasa hii hupenda nishati, isipende mahindi au samaki? Mahindi hulimwa na watu wengi mno, kila mmoja na kipande chake. Hakuna anayeweza kusimama mahali pamoja akayafunga yote. Mafuta hutoka kwenye visima vichache, hupita kwenye bomba, hupakiwa bandarini. Umeme wa bwawa unapita kwenye waya unaohesabika. Aliyesimama penye koki ameishika nchi, na hana haja ya kumwomba mtu kodi. Serikali inayoishi kwa kodi ya muuza samaki inalazimika, mapema au baadaye, kumsikiliza muuza samaki. Serikali inayoishi kwa mafuta humpa muuza samaki zawadi, na zawadi haina hesabu.

Jambo hili nimelielewa kwenye lupango, yaani ua wenye nyumba kadhaa, ninamopanga. Tuna nyumba sita na mita moja ya umeme, na mita hiyo imo chumbani mwa mwenye lupango. Kila mwezi tunachanga. Karatasi ya malipo hatujawahi kuiona. Wanaomsalimia vizuri wana waya wa kutosha kuendesha friji. Mwaka jana jirani yangu, mama mwenye watoto watatu, aliuliza kwa upole kama anaweza kuiona hiyo karatasi, maana mchango ulikuwa umepanda mara mbili. Kesho yake waya wake ukapata hitilafu. Siku tisa watoto wale walisomea kwenye mwanga wa simu yangu, wamejipanga ukutani, daftari magotini, na simu inapofika asilimia kumi tunafunga. Siku ya kumi mama alikwenda kuomba msamaha, sijui wa kosa gani, na hitilafu ikapona. Tangu siku ile katika lupango letu hakuna aliyeuliza tena. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Taa tu.

Sasa twende mbali kidogo, kwenye nchi ambayo kila mtu huitaja na wachache huieleza.

Aliyeyataifisha kwanza mafuta ya Venezuela si Hugo Chávez. Yalikuwa mikononi mwa dola tangu tarehe 1 Januari 1976, chini ya kampuni ya PDVSA, na kwa zaidi ya miaka ishirini kampuni hiyo ilisifiwa kwa utaalamu. Ilikuwa na kasoro yake: iliendeshwa kama nchi ndani ya nchi, na maskini wa vilima vya Caracas hawakuona cha maana kilichowafikia. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Chávez alipochaguliwa Desemba 1998 hakuubuni, aliukuta. Hili lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu wanaowacheka wapiga kura wake hawajaelewa kitu. Upopulisti hauoti kwenye uongo mtupu. Unaota kwenye dhuluma ya kweli ambayo waungwana walikataa kuishughulikia.

Tarehe 7 Aprili 2002, katika kipindi chake cha televisheni cha Jumapili, Chávez alitoa filimbi ya refa, akawataja mameneja wa PDVSA kwa majina mmoja baada ya mwingine, akipuliza filimbi na kuwafukuza. Siku chache baadaye ukafuata mtafaruku wa kumpindua ulioshindwa, na mwishoni mwa mwaka mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa mafuta. Mgomo ulipokwisha mapema 2003, watu wapatao 18,000 walikuwa wamefutwa kazi, karibu nusu ya wafanyakazi wote wa kampuni. Wahandisi waliojua kisima kipi kinaugua nini wakaondoka, wengine wakaenda kuchimba mafuta ya nchi nyingine. Mwaka 2006 waziri wa mafuta, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni, aliwaambia wafanyakazi kwamba PDVSA ni nyekundu kabisa, rangi ya chama, na asiyekubali aondoke. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ulikuwa umeanzishwa mfuko uitwao Fonden, uliopokea mabilioni ya dola za Marekani nje ya bajeti ya kawaida ya bunge. Lile daftari la likelemba likahamia kwenye droo ambayo ufunguo wake anao mtu mmoja.

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyeona ubaya. Bei ya mafuta duniani ilikuwa juu, zahanati zilifunguliwa mitaa ya maskini, umaskini ulipungua kweli. Petroli iliuzwa rahisi kuliko maji ya chupa. Watu wengi hudhani petroli rahisi ni ushahidi kwamba mafuta ni ya wananchi. Venezuela inatufundisha kutazama kwa makini zaidi. Bei ile iliilia kampuni fedha za kutengeneza mitambo, na iliwanufaisha zaidi wenye magari makubwa na wavusha magendo wa mpakani. Uzalishaji, uliokuwa zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku mwaka 1998, ulikuwa umeshuka chini ya mapipa 500,000 katikati ya 2020. Mwaka huo huo, nchi yenye akiba kubwa kabisa ya mafuta duniani ilipokea petroli kwa meli kutoka Iran.

Wengine husema yote ni kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Vikwazo vya fedha vilianza 2017, vya mafuta yenyewe Januari 2019, na viliwaumiza watu wa kawaida. Asiyelikubali hilo hana haki ya kuzungumza juu ya Venezuela. Lakini visima vilikuwa vikishuka miaka mingi kabla. Vikwazo vilimkuta mgonjwa kitandani, vikamnyang'anya blanketi.

Sisi wa Congo tunapaswa kuikumbuka pia tarehe 7 Machi 2019. Siku hiyo Venezuela karibu yote iliingia gizani kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye bwawa la Guri, lenye uwezo wa zaidi ya megawati 10,000, moja ya mabwawa makubwa kabisa duniani. Serikali ilisema ni hujuma za maadui. Wahandisi walitaja nyaya zisizotunzwa, na miti iliyoachwa ikaota chini ya nyaya hizo. Bwawa kubwa, giza kubwa. Mtu wa nchi yenye bwawa la Inga hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Urusi ilikwenda njia nyingine. Huko mafuta yalikuwa yamegawiwa matajiri wachache katika miaka ya 1990 kwa bei ya kutupa, na watu walikuwa na haki ya kukasirika. Oktoba 2003 tajiri mkubwa kuliko wote, Mikhail Khodorkovsky wa kampuni ya Yukos, alikamatwa. Kesi ilikuwa ya kodi, lakini alikuwa pia ameanza kuwapa fedha wapinzani. Desemba 2004 kipande kikubwa cha kampuni yake kiliuzwa mnadani kwa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na siku chache baadaye kikawa mikononi mwa Rosneft, kampuni ya dola. Matajiri wengine hawakunyang'anywa. Walielewa tu. Na kabla ya hapo, Aprili 2001, kituo cha televisheni cha NTV, kilichokuwa kikimkosoa rais Putin, kilichukuliwa na Gazprom, kampuni ya gesi ya dola. Msomaji ajiulize kampuni ya gesi inatafuta nini kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Hungaria haina mafuta ya maana, lakini ina ankara. Mwaka 2013 serikali ya Viktor Orbán ilishusha kwa sheria bei za umeme na gesi za majumbani, na ikaagiza kila ankara ioneshe, kwenye kisanduku cha rangi ya chungwa, kiasi ambacho familia imeokoa. Chungwa ni rangi ya chama chake. Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi.

Hapa ndipo yule kijana wa saluni angesema: "Umeona? Leta iachane na nishati kabisa." Sikubaliani naye, na ninazo sababu.

Norway iliunda kampuni yake ya mafuta, Statoil, mwaka 1972, dola ikiwa mmiliki pekee. Hadi leo dola ndiyo yenye hisa nyingi. Mwaka 1990 bunge lao lilipitisha sheria ya mfuko wa mafuta, fedha za kwanza zikaingia 1996, na serikali imejiwekea kanuni ya kutumia kila mwaka takriban asilimia 3 tu ya thamani yake. Mkulima wa Norway anaweza kufungua tovuti akaona mfuko huo una hisa katika kampuni zipi, nchi gani, na kwa thamani gani. Mawaziri wakuu wameingia na kutoka. Mfuko umebaki, kwa sababu ni wa dola, si wa waziri mkuu.

Wala kutaifisha si lazima kuwe kwa mabavu. Iran ilitaifisha mafuta yake 1951 kwa kura ya bunge, na waziri mkuu Mohammad Mossadegh aliangushwa Agosti 1953 kwa mkono wa Uingereza na Marekani. Demokrasia ndiyo iliyouawa, na waliokuja kuiua walitoka kwenye nchi zinazojisifu kwa demokrasia. Mexico nayo, Machi 1938, rais Lázaro Cárdenas alipoyachukua mafuta kutoka kwa kampuni za nje, raia walipanga foleni kuchangia fidia. Kina mama walileta pete zao za ndoa. Wengine walileta kuku. Hebu uwaone wamesimama pale na kuku mkononi, kwa ajili ya kampuni ya mafuta. Watu wale hawakudanganywa. Waliamini kitu kinachostahili kuaminiwa. Lakini miaka mingi baadaye, chama kimoja kikiwa kimekaa madarakani hadi mwaka 2000, kampuni yao Pemex iligeuka mahali pa kugawiana vyeo, na mzigo wake wa madeni haujaisha hadi leo. Waliochangia kuku hawakupewa daftari.

Turudi nyumbani, maana sisi tuna hadithi yetu, na inauma zaidi.

Union Minière ya Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa 1906, na tanuri lake la kwanza la shaba liliwashwa hapa Lubumbashi 1911. Mkoa wetu wa Katanga ulipojitenga Julai 1960, kampuni hiyo ililipa kodi kwa serikali ya Tshombe, kiongozi wa kujitenga huko, na bila fedha hizo kujitenga kusingefika Januari 1963. Kwa hiyo sheria ya Bakajika ilipotangaza 1966 kwamba ardhi na haki za kuchimba ni za dola, na Mobutu alipoitwaa Union Minière kuanzia tarehe 1 Januari 1967, Wakongomani wengi walishangilia. Mimi ningekuwepo ningeshangilia pia. Hiyo ndiyo kampuni iliyokuja kuwa Gécamines.

Mwaka huo huo wa 1967 kikaundwa chama cha MPR, na baadaye kila Mkongomani akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Ona mnyororo ulivyofungwa: mali ikawa ya wananchi, wananchi wakawa wa chama, chama kikawa cha mtu. Tarehe 30 Novemba 1973 ukatangazwa mpango wa kuwapa Wazaire, yaani sisi wenyewe kwa jina la wakati ule, biashara za wageni, na waliopewa wengi walikuwa watu wa karibu na wakubwa. Maduka mengine yalifungwa baada ya kuuzwa shehena ya kwanza tu.

Gécamines yenyewe ilikuwa na hospitali, shule, nyumba, na unga wa mwezi. "Gécamines njo baba, Gécamines njo mama," wazee walisema, wakiurithi msemo kutoka siku za Union Minière. Ninauelewa upendo ulio ndani ya maneno hayo; asiyewahi kuona gunia la unga likishushwa mlangoni asiuchezee. Lakini baba hakaguliwi vitabu vyake, na mama haulizwi amepeleka wapi chenji. Shaba ilikuwa ikiuzwa, na fedha zake kupokelewa, kupitia shirika jingine lililo karibu na rais, na kilichorudi mkoani Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, hakikutosha kutengeneza mashine. Mwaka 1986 zilitoka zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa takriban tani 30,000.

Hasira ilipokuja, ilihitaji mtu wa kuiangukia. Aliyeshika koki alikuwa mbali, jirani Mkasai alikuwa karibu. Mwaka 1992 na 1993 viongozi wa mkoa walisimama majukwaani kusema Katanga ni ya Wakatanga, na maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa, baba zao wakiwa mafundi wa migodi na reli, walifukuzwa. Waliitwa bilulu, wadudu. Walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wiki nzima nzima wakingoja treni, na wengi walifia hapo. Ninaliandika hili kwa sababu ni sehemu ya maelezo, si nje yake. Upopulisti huanza kwa kusema "wananchi", halafu siku mali inapopungua huanza kuhesabu nani ni mwananchi halisi.

Na umeme? Shaba ilikuwa na mabwawa yake tangu ukoloni: Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. SNEL, kampuni ya dola, iliundwa 1970. Inga ya kwanza ilimalizika 1972, yenye megawati 351. Ya pili 1982, megawati 1,424. Ukavutwa pia waya wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, kwa mkopo uliolizidisha sana deni la nchi. Watafiti wengi wameeleza sababu ya kisiasa iliyokuwa nyuma ya waya huo: mkoa uliowahi kujitenga uwashiwe na kuzimiwa kutoka karibu na Kinshasa. Waya ulipita juu ya vijiji visivyohesabika bila kushuka. Hata leo takriban Mkongomani mmoja tu kati ya watano ana umeme. Ni lile lupango langu, isipokuwa lina ukubwa wa Ulaya Magharibi.

Halafu tulijaribu dawa ya kijana. Sheria ya migodi ya 2002 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na vipande bora vya mali vikaingia kwenye ubia. Mikataba mingi ilitiwa saini bila mtu wa Kolwezi au Likasi kuisoma. Ilibidi lije agizo la serikali la mwaka 2011 kulazimisha mikataba ya rasilimali itangazwe. Sheria ya 2014 ilifungua pia sekta ya umeme, na kampuni za migodi zimelipia ukarabati wa mitambo ya Mwadingusha na ya Inga, nazo hurudishiwa gharama kwa umeme. Mitambo imefufuka, na hilo ni jema. Waya bado unapita juu ya paa la saluni ya Katuba. Kampuni binafsi nayo inaweza kuweka mita chumbani.

Ndiyo maana kwenye habari ya kobalti siulizi kwanza kama ni dola au ni matajiri. Kusimamisha mauzo ili bei ipande ni jambo ambalo nchi huru ina haki nalo. Nchi za mafuta za umoja wa OPEC, ulioundwa 1960, zimewahi kupunguza uzalishaji kwa lengo hilo hilo. Nauliza viwango vya kuuza vimegawanywa kwa kipimo gani, na nani anaweza kukiona kipimo hicho. Nauliza kama mkaguzi anayetoa taarifa mbaya bado ana kazi mwezi unaofuata. Nauliza anayekosoa anaitwaje: mkosoaji, au mtumwa wa wageni. Kiongozi anayejibu maswali haya kwa kufungua vitabu, hata akiwa mkali, namvumilia. Anayejibu kwa kuuliza nimetumwa na nani, hata akigawa soda, namwogopa.

Jenereta iliwaka kwa mvuto wa saba. Kijana akamaliziwa upande wa kulia, mzee akakaa kitini, na mimi nikamweleza yule mama kwamba sheria ya migodi, kama ilivyorekebishwa 2018, inaigawa ada inayolipwa kwa madini hivi: asilimia 50 Kinshasa, 25 mkoa, 15 komine, mji au chefferie (eneo la chifu) ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Alinyamaza kidogo. Kaka yake anakaa Ruashi, na kutoka mlangoni kwake mgodi unaonekana.

"Hiyo kumi na tano," akasema, "inaandikwa wapi?"

Alinipa kipande cha karatasi iliyofungiwa mandazi ya mtoto, na nikamwandikia nyuma yake, kwa herufi kubwa ili kaka yake aisome vizuri mbele ya karani: ibara ya 242.